Kupromoti michango ya mtandaoni: maswali ambayo DM yangu imeyachoka

Nafanya kontenti za vifaa na ubunifu wa mafundi wa hapa Dar, na kila wiki napata meseji za aina mbili. Moja ni ya mtu anataka nimpostie mradi wake uchangiwe, ingine ni ya krieta mwenzangu aliyeposti mradi wa mtu alafu mambo yakaharibika, anauliza afanyeje. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika nane, ndo maana nimeyaweka yote hapa. Mengine nimeyajua kwa kusoma, mengine kwa kuumbuka.

Hivi hii kuchangisha mtandaoni si ndo michango ya harusi tu?

Karibu sawa, na ndo maana sisi tunaielewa haraka. Mtu umekulia kwenye kadi za michango, kikao cha kwanza, kikao cha pili, mwenyekiti anakupigia saa mbili usiku "kaka, ahadi yako bado inasoma hapa". Tofauti ni kwamba kwenye kamati mweka hazina unamjua, ni shemeji wa fulani anakaa Tabata, ana daftari, na siku ya sherehe utaona mwenyewe kama hela imekuwa kuku au imekuwa soda tupu. Mtandaoni mweka hazina humjui, daftari hulioni, na sherehe yenyewe hujui kama ipo.

Zipo za msaada, mtu anaumwa au nyumba imeungua, unatoa na hutegemei kitu. Zipo za bidhaa, unalipia leo kitu ambacho bado hakijatengenezwa, hiyo ndo Wamarekani wameikuza sana kwa tovuti zao za kuchangisha, Indiegogo tangu 2008 na Kickstarter tangu 2009. Kickstarter mradi usipofikisha lengo hakuna anayekatwa hata senti, ukifikisha wao wanachukua 5% na makato ya malipo juu yake. Alafu kuna za tatu unaambiwa utapata faida au hisa, hizo ntazisema huko chini maana zina mambo yake. Tanzania haimo kwenye nchi ambazo mtu anaweza kufungua kampeni Kickstarter, kwa hiyo huku kwetu kampeni nyingi ni lipa namba, grupu la WhatsApp, na wewe mwenye wafuasi. Kampuni ya kusimama katikati hakuna, katikati umesimama wewe.

Mimi nimeposti tu, hela sijashika hata mia. Lawama zinanihusu nini?

Hili ndo swali linaloongoza na jibu langu huwa haliwafurahishi watu. Waliotuma hela mradi hawaujui, fundi hawamjui, hata karakana ilipo hawajui. Wanakujua wewe. Mtu amekufoloa miaka mitatu, amecheka na wewe, amekuona umekwama Jangwani mvua ikinyesha, siku unasema "jamani hiki kitu ni moto, changieni" yeye hasomi maelezo, anatuma. Ungekuwa bango la barabarani ungesema sihusiki. Sasa bango halina salamu za "wapendwa wangu".

Wapo waliojaribu huo utetezi. Mwaka 2012 wale jamaa wa Yogscast wa Uingereza, wana chaneli kubwa ya magemu YouTube, walisimama mbele ya mradi wa gemu linaitwa Yogventures kwenye Kickstarter. Gemu lenyewe lilikuwa linatengenezwa na kampuni ndogo ingine, Winterkewl. Waliomba dola 250,000, wakapata zaidi ya 567,000, maana mashabiki walimwaga. Kufika 2014 gemu likafa. Kuna mchoraji mmoja alilipwa dola 35,000, akafanya kazi kama wiki mbili, akaondoka. Yogscast wakasema mradi si wao na hawana wajibu, ila watajaribu kuwapoza watu, wakagawa gemu lingine. Sasa niambie, leo ukiulizia hiyo stori mtaani kwa wapenda magemu nani analikumbuka jina la Winterkewl?

Nikilipwa kupromoti, ni lazima niseme?

Ndio. Tena useme mwanzoni, kwa Kiswahili, kwa sauti, "wenye mradi wamenilipa kufanya hii video". Usifiche neno "kolabo" katikati ya hashitegi thelathini. Marekani tume yao ya biashara, FTC, inataka mtu yeyote aliyelipwa au kupewa kitu aseme wazi, Uingereza nao wana ASA, wasimamizi wa matangazo, wanaotaka tangazo lionekane ni tangazo. Na msidhani ni kwa watu wadogo tu, Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa sababu aliposti sarafu ya mtandaoni inaitwa EthereumMax bila kusema kwamba alilipwa dola 250,000. Posti moja hiyo. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwenye biashara, na ukimfanya mtu aamini umependa kitu kwa moyo wako kumbe umelipwa, mi sioni jina lingine zaidi ya kupotosha.

Mi mwenyewe niliwahi kulipwa 150,000 kwa promo ya jiko na sikusema. Nitarudi hapo.

Kuhusu kulipwa asilimia ya michango, yaani kila laki ikiingia wewe una elfu kumi yako, kwa bidhaa unaweza ukakubali kama umeitaja. Kwa mgonjwa hapana. Hata useme, hapana. Utajikuta unaomba kwa machozi zaidi ili mgao ukue, na machozi yenyewe ya mtoto wa mtu.

Ntajuaje mradi ni wa kweli na sio wa kanjanja?

Nenda. Najua Dar foleni, najua Mbagala mbali, nenda. Asilimia kubwa ya makanjanja wanakufa hapo hapo, ukisema "nakuja kesho na kamera" ghafla fundi kasafiri, bosi yuko Dodoma, mashine iko kwa mtu anaipaka rangi.

Ukifika omba kuwashiwa kitu, ukishike. Rekodi bila kukata, dakika tano, kumi, hata kama inaboa, kata ukishajua kinafanya kazi. Picha za kompyuta zinazong'aa usizikubali kabisa, Kickstarter wenyewe walizipiga marufuku kwa vifaa mwaka 2012 kwa sababu watu walikuwa wanauza ndoto zilizochorwa. Na bado watu walipita, 2015 kulikuwa na wembe wa leza unaitwa Skarp, eti unanyoa kwa mwanga, ulichangiwa zaidi ya dola milioni 4 kabla Kickstarter hawajausimamisha Oktoba ile kwa sababu wenye wembe hawakuwa na kifaa kinachofanya kazi. Wakahamia Indiegogo wakaendelea kuchangisha. Kuna waandishi walioutangaza kwa furaha, ingekuwa mmoja wao kasema "ninyoe hapa mkononi nione" si wangeokoa hela za watu?

Kingine, tuma shilingi elfu moja ya majaribio kwenye hiyo namba. Kabla hujabonyeza kukubali jina litatokea. Jina likija la mtu ambaye hayumo kwenye stori, uliza ni nani, na majibu ya "ni mdogo wangu, laini yangu ina shida" mi huwa nayahesabu kama hapana.

Alafu bajeti. Hapa ndo wengi tunapitiwa maana sisi ni watu wa kamera, sio wahasibu. Mwambie fundi akuonyeshe bei za vitu kwa idadi anayotaka kutengeneza. Kitu kimoja Kariakoo kina bei yake, vitu arobaini vina bei ingine, na duka lenyewe linaweza likawa na sita tu. Hilo nimelilipia.

Mgonjwa je? Hapo si kuhurumiana tu, unaombaje vielelezo?

Unaomba kwa adabu, ila unaomba. "Mama pole sana, naomba nione barua ya hospitali na makadirio ya gharama ili watu wakiniuliza niwe na jibu." Familia ya kweli huwa inayo kwenye simu tayari, imeshaionyesha kwa ndugu ishirini. Ukipata nafasi nenda wodini na ndugu, muulize muuguzi kama huyo mgonjwa yupo, huna haja ya kujua zaidi.

Kwa hospitali za serikali kama Muhimbili bili inalipwa kwa kontroo namba, kwa hiyo hela ikishafika kiasi, ongozana na ndugu mkalipe mbele yako, chukua risiti, ficha namba na majina, posti. Watu wakiona risiti ya kwanza wanachangia tena bila kuombwa, hii nimeiona mara tatu.

Jambo la picha. Mtoto amelala na mipira puani, unazumu usoni, unaweka muziki wa huzuni. Huyo mtoto atapona inshallah, atafika darasa la sita, wenzake wataikuta hiyo video. Taarifa za afya za mtu ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa ya mzazi ni lazima, na hata akikupa ridhaa jiulize anaweza kukataa kweli wakati anahitaji milioni nane? Mi siku hizi napiga picha mikono tu. Mikono ya mama imeshika ile barua, inatosha.

Stori tamu sana nayo iogope. Mwaka 2017 huko New Jersey, Marekani, ilitoka stori kwamba dada mmoja aliishiwa mafuta barabarani usiku, mwanaume asiye na makazi akamnunulia kwa dola 20 zake za mwisho. Dada na mpenzi wake wakamfungulia mchango GoFundMe, tovuti ya michango ya msaada, ukafika zaidi ya dola 400,000, televisheni zote zikaibeba. Ikaja kujulikana stori ilitungwa, wote watatu walijua. Wakapelekwa mahakamani, GoFundMe wenyewe wakawarudishia watu hela. Walioisambaza hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hawakuuliza tu.

Hela ziingie kwenye namba yangu ili watu waamini zaidi?

Usithubutu. Hela ikishachanganyika na salio lako hata wewe hutajua ipi ya nani, umenunua bando, umetuma kwa mama kijijini, umelipa bodaboda, siku ya mahesabu unakuta pungufu 46,000 na huna maelezo. Bora lipa namba yenye jina la biashara, au akaunti ya kikundi benki yenye sahihi mbili tatu. Wewe omba tu uonyeshwe taarifa ya miamala kila wiki.

Kuna mradi unaahidi ukichangia laki unapata laki na nusu baada ya mwezi. Niposti?

Hapana. Huo sio mchango, ni upatu umevaa suti. Waliokuwepo 2009 wanaikumbuka DECI, watu "walipanda mbegu" wasubiri "kuvuna", foleni mpaka nje, serikali ilipoifunga kilio kikawa nchi nzima. Mtu akitaka kuuzia watu hisa za kampuni yake kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, mwambie akuonyeshe kibali chao. Hana? Agana naye vizuri.

Nimeposti, mradi umechelewa, watu wananitukana kwenye komenti. Nifanyeje?

Kwanza ujue kuchelewa ni kawaida kabisa na ulipaswa kuwaambia watu hivyo tangu siku ya kwanza. Mwaka 2015 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Ethan Mollick, aliwauliza maelfu ya waliochangia Kickstarter, akakuta 9% ya miradi haikutoa kabisa ilichoahidi. Hiyo ni Kickstarter yenye utaratibu wake, sasa piga hesabu ya sisi wa lipa namba. Na wengi wanaoanguka sio wezi. Kule Wales kulikuwa na droni ndogo inaitwa Zano, ilikusanya zaidi ya pauni milioni 2.3 kutoka kwa watu zaidi ya 12,000, kampuni ikafilisika Novemba 2015. Kickstarter wakamlipa mwandishi wa habari achunguze, akakuta watu waliojiona wanaweza kuliko walivyoweza. Hilo mi linanitisha kuliko wizi, maana mwizi unaweza kumshtukia, ila fundi mwenye nia njema na macho yanayong'aa utamshtukia vipi?

Mimi wangu alikuwa fundi wa hivyo. Ilikuwa kipindi kila mtu anaongelea nishati safi, serikali imeshasema taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na kijana mmoja wa mtaa wa Gerezani hapa Dar akaja na jiko la vumbi la mkaa lenye kifeni kidogo chini. Niliona likiwaka, chai ilichemka mbele yangu, nikapagawa. Nikaposti: majiko arobaini, 35,000 kila moja, wiki sita unalo. Zikajaa ndani ya siku nne. Bajeti yake aliniandikia kwenye kipande cha karatasi ya kaki, feni 4,500 mara 40, nikapiga picha nikaweka na stori nikaona nimefanya uchunguzi. Kumbe hiyo 4,500 aliulizia feni moja. Duka lilikuwa nazo kumi na moja, mzigo uliofuata ukaja na bei ya juu, akanunua za bei rahisi sehemu ingine, joto likaziua zikiwa bado karakanani. Yakatoka majiko 23. Watu 17 wakabaki, 595,000 imeshakuwa mabati.

Kosa langu kubwa lakini lilikuja baada ya hapo. Nilinyamaza wiki tatu. Nilikuwa naposti mambo mengine, naona komenti "jiko langu?" naipita. Ile wiki tatu ndo ilinigeuza tapeli machoni kwa watu, maana jiko kuchelewa walikuwa wameshaanza kuzoea. Siku nilipoenda laivu nikiwa na fundi pembeni, tukaonyesha feni zilizoungua moja moja, nikataja na ile 150,000 niliyolipwa, nusu ya matusi iliisha hapo hapo. Nusu ingine nilistahili. Fundi akarudisha laki tatu, 295,000 nikaitoa mimi.

Kwa hiyo ukikwama, sema ndani ya siku mbili tatu, sema kiasi kilichotumika na kilichobaki, sema tarehe tu kama unayo. Na usifute ile posti, ongeza maelezo juu yake. Ukifuta watu wana skrinshoti, sasa utakuwa na kesi mbili.

Nirudishe hela mfukoni kwangu kweli?

Kama hukulipwa na uliuliza maswali yote, sidhani kama unadaiwa, unadaiwa maelezo tu. Kama ulilipwa, anza na ulicholipwa. Wapo wenzangu wanaona hapa nazidisha, sawa tu, kila mtu na usingizi wake.

Nahitaji mkataba?

Hata meseji ya WhatsApp inatosha kuanzia, ilimradi imeandika nani anapokea hela, ripoti inakuja lini, na kwamba nina haki ya kuwaambia watu mambo yakienda mrama bila kuomba ruhusa. Hicho cha mwisho ndo wengi wanakikataa. Akikataa umeshajua.

Kisheria naweza kushikwa?

Ukisambaza taarifa huku unajua ni ya uongo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu, na maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake za 2020 chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mi sio wakili, kama hela ni nyingi mtafute wakili.

Nina wafuasi 1,200 tu, haya yananihusu?

Zaidi. Wako wanakujua kwa sura, wengine mnapanda nao daladala moja.

Kuna mtu kafungua akaunti kwa jina na picha yangu anaomba michango.

Posti haraka kwenye akaunti yako ya kweli, rekodi video ya sura yako, picha haitoshi, waombe watu wairipoti. Namba anayotumia kupokea hela itumie TCRA kwenye 15040. Alafu piga *106# uangalie kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Yule mama ntilie wa Makumbusho uliyemuonyesha kwenye ile laivu, alipata jiko?

Hakupata, alikuwa kwenye wale 17. Nilimpelekea 35,000 yake mkononi asubuhi, anakaanga maandazi. Akafuta mikono kwenye kanga, akazihesabu mara mbili, akatoa elfu mbili akaniwekea pembeni ya kikaango. Nikamuuliza mama hii ya nini tena. Akasema "hiyo chenji yako baba, elfu tano ulinipa mwezi wa tatu ukakimbilia gari, nilikuwa nakutafuta".